Vitabu vya CCNP Enterprise: uchukue kipi kati ya ENCOR, ENARSI, Sybex na Doyle

Cheti cha CCNP Enterprise, cha Cisco kwa mafundi wa mitandao, kinahitaji mitihani miwili. Wa kwanza, 350-401 ENCOR, ni wa dakika 120 na ada yake ni dola 400. Wa pili ni wa kuchagua, na watu wengi wa ruta huchukua 300-410 ENARSI, dakika 90, dola 300. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi 1,750,000 kabla ya kodi, na ukifeli ENCOR mara moja umeongeza milioni nzima. Bei ya kitabu ni ndogo ukiiweka karibu na hesabu hiyo. Kwa hiyo tumevipima vitabu kwa mambo mawili: kinakusaidia kiasi gani usilipe ada mara mbili, na utaendelea kukifungua ukishakuwa na cheti mkononi?

Msimamo wetu tuutaje mapema. Kwa mtu anayefanya kazi Dar na anayejilipia mwenyewe, kitabu rasmi cha ENCOR kinatosha kwa nakala ya kusomea kwenye laptopu au kishikwambi, na kitabu rasmi cha ENARSI ndicho cha kununua kwa karatasi. Doyle, yaani juzuu mbili za Routing TCP/IP za Jeff Doyle, ni wa anayelenga CCIE, cheti cha Cisco kilicho juu ya CCNP, au anayefanya kazi kwa mtoa huduma za intaneti (ISP). Vingine vyote vina nafasi ndogo.

| Kitabu | Kinamfaa nani | Kinapofanya vizuri | Kinapopungua |
|---|---|---|---|
| Kitabu rasmi cha ENCOR, toleo la 2 (2023) | Anayeanza safari ya CCNP | Kinagusa silabasi nzima ya 1.1 (ya 2023) | Otomatiki na SD-WAN (mtandao wa matawi unaoendeshwa kwa programu) vimepewa kurasa chache |
| Kitabu rasmi cha ENARSI, toleo la 2 (2023) | Anayefanya ENARSI, na fundi yeyote wa ruta | Kutafuta hitilafu hatua kwa hatua | Swichi na mitandao isiyo na waya havimo |
| Kitabu cha Sybex cha ENCOR (2020) | Anayerudia mada anazozijua | Kifupi, lugha nyepesi | Kilitoka kabla ya silabasi ya 1.1 |
| Routing TCP/IP, juzuu ya I na II | Wa CCIE na watu wa ISP | Kueleza kwa nini itifaki inafanya inavyofanya | Hakifuati mtihani wowote wa sasa |

Kitabu rasmi cha ENCOR

Kimeandikwa na Brad Edgeworth, Ramiro Garza Rios, Jason Gooley na David Hucaby, chini ya Cisco Press. Toleo la kwanza lilitoka kwa ajili ya mitihani mipya iliyoanza Februari 2020. La pili lilifuata silabasi ilipohamia 1.1 mwezi Septemba 2023. Kabla ya kununua lolote, pakua silabasi ya sasa kwenye tovuti ya Cisco, ni bure, uangalie namba ya toleo lake ndipo ulinganishe na jalada la kitabu. Namba 350-401 pekee haitoshi, kwa sababu imebaki ileile huku mada zikibadilika.

Ubora wake ni kwamba hakuna mada ya silabasi ya 1.1 iliyoachwa kabisa. Kila sura inaanza na jaribio fupi la kupima unachokijua tayari, na hilo usiliruke, maana ndilo linalokuambia sura ipi uisome neno kwa neno na ipi uipitie kwa kasi.

Tatizo lake liko kwenye uwiano. Silabasi ya 1.1 imegawa alama hivi: usanifu asilimia 15, mashine na mitandao pepe 10, miundombinu 30, ufuatiliaji wa mtandao 10, usalama 20, otomatiki 15. Sasa tazama sura za toleo la kwanza, ambazo mpangilio wake umebaki kwa sehemu kubwa katika la pili. Sura za mada ni 29. Mitandao isiyo na waya imepewa sura tano, 17 hadi 21, yaani asilimia 17 hivi ya sura zote, wakati kwenye silabasi ni kipande kimoja kati ya vinne vya miundombinu, pamoja na mada chache zilizotawanyika kwingine. Otomatiki, yenye asilimia 15 ya alama, imepata sura mbili tu, 28 na 29. SD-Access (mtandao wa ndani ya ofisi unaoendeshwa kwa programu) na SD-WAN zimebanwa pamoja katika sura ya 23.

Madhara yake yanajulikana. Msomaji anaanza sura ya 1, anakwenda kwa mpangilio, anakaa wiki nyingi kwenye spanning tree (ya kuzuia vitanzi kwenye swichi) na itifaki za njia za EIGRP, OSPF na BGP, mada anazozipenda kwa sababu ndizo anazozigusa kazini. Anapofika sura ya 22 tarehe ya mtihani imekaribia na nguvu zimeisha. Ndiko kuliko na usalama, otomatiki, ufuatiliaji na sehemu ya usanifu: karibu nusu ya alama zote.

Kuna kosa la pili linalofanana na hilo. Kitabu kinafundisha EIGRP na BGP zaidi ya ENCOR inavyodai. Silabasi inataka ulinganishe EIGRP na OSPF, haidai uisanidi EIGRP. Upande wa BGP inataka usanidi na uhakiki eBGP (BGP kati ya mitandao tofauti inayojitegemea) kati ya majirani waliounganishwa moja kwa moja, basi. Sura ya 12, BGP ya juu, unaweza kuiweka kando hadi wakati wa ENARSI bila kupoteza alama za maana.

Kwa hiyo kisome kwa mpangilio wako. Anza na sura 1 hadi 5, ruka kwenda 14 hadi 16, halafu 22 hadi 29 ukiwa bado una nguvu. OSPF na utangulizi wa BGP vifuate, na sura za mitandao isiyo na waya zije mwishoni kwa sababu ni za kukariri zaidi na hazikai kichwani muda mrefu. Kwa sura mbili kwa wiki, kitabu kizima ni kama wiki 15.

Kwenye otomatiki usikitegemee kitabu peke yake. Fungua akaunti ya bure ya DevNet Sandbox, maabara ya mtandaoni ya Cisco, uandike programu fupi ya Python inayoomba orodha ya vifaa kupitia API (njia ya programu kuongea na mfumo mwingine) na kusoma jibu la JSON (muundo wa kuandika data). Ukishafanya hivyo kwa mkono wako, maswali ambayo kitabuni yanaonekana ya kubahatisha yanakuwa mepesi. Jibu la 401 maana yake utambulisho wako haukukubalika. 403 umetambuliwa ila huna ruhusa. Mkato uliobaki baada ya kipengele cha mwisho unaharibu JSON nzima, wakati Python inaukubali bila neno. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayoulizwa.

Majina nayo yanachanganya. Kilichoitwa DNA Center sasa ni Catalyst Center. vManage imekuwa SD-WAN Manager, vSmart ni Controller, na vBond ni Validator. Toleo la kwanza lina majina ya zamani, kwa hiyo anayelisoma aandike jozi hizo ndani ya jalada la mbele mapema.

Kitabu rasmi cha ENARSI

Hiki cha Raymond Lacoste na Brad Edgeworth ndicho tunachokipigia debe. Alama za mtihani wake: teknolojia za tabaka la 3 asilimia 35, VPN 20, usalama wa miundombinu 20, huduma za miundombinu 25. Kitabu kinashikamana na mgawanyo huo kuliko ndugu yake wa ENCOR, na kila itifaki kubwa imepewa sura yake ya kutafuta hitilafu baada ya sura za kuifundisha.

Edgeworth yumo katika vitabu vyote viwili, na sehemu kubwa ya maelezo ya EIGRP, OSPF na BGP inajirudia. Ukiwa na vyote viwili usisome mada hizo mara mbili. Soma OSPF hapa, hata kama unajiandaa na ENCOR kwanza, maana maelezo ni yaleyale na juu yake unapata namna ya kutibu.

Ili tofauti ya vitabu hivi ionekane, chukua hitilafu moja na uitafute katika kila kimoja. Ruta ya makao makuu Posta imeunganishwa na ya tawi la Tegeta kwa laini ya kukodi. Upande mmoja MTU (ukubwa wa juu wa pakiti inayoruhusiwa kupita) ni 1500, upande wa pili mtu aliweka 1400. Ukiandika `show ip ospf neighbor` unaona jirani yupo, lakini ruta moja inaonyesha EXSTART na nyingine EXCHANGE, hatua za katikati za kujenga ujirani, na hawasogei. Baada ya muda wanaanza upya, wanarudi palepale.

Kitabu cha ENCOR kitakuambia kwamba MTU za pande mbili lazima zilingane ili ujirani ukamilike. Ni mstari mmoja katika orodha ya masharti. Kwa swali la kuchagua jibu unatosha.

Kitabu cha ENARSI, katika sura ya 8, kinaiweka hitilafu hiyo kati ya sababu nyingine za ujirani kukwama: vipima muda visivyolingana, eneo tofauti, aina ya eneo, uthibitisho, subneti, kiolesura kilichowekwa passive, router ID zilizogongana na nyinginezo, kila moja na amri ya kuigundua. Hapo unajifunza kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Kama jirani haonekani kabisa, usihangaike na MTU, kwa sababu pakiti za hello, zile za kujitambulisha kwa jirani, hazibebi taarifa hiyo na zinapita salama. Kama amefika EXSTART na kukwama, MTU iwe ya kwanza kuangalia.

Doyle anakupeleka ndani ya pakiti yenyewe. Pakiti ya maelezo ya hifadhidata, DBD, ina sehemu ya MTU ya kiolesura. Ruta yenye MTU ndogo ikipokea DBD inayotangaza MTU kubwa kuliko yake inaikataa, na mazungumzo yanaishia hapo. Ukishaelewa hivyo huhitaji kukariri hali ipi inaonekana upande upi.

Dawa sahihi ni kulinganisha `ip mtu` pande zote mbili. Kuna amri ya `ip ospf mtu-ignore`, ambayo mafundi wengi huikimbilia kwa sababu ujirani unasimama papo hapo. Lakini tofauti ya MTU bado ipo, na pakiti kubwa zitaendelea kukatwakatwa au kupotea. Wiki ijayo tawi litalalamika kwamba tovuti fulani hazifunguki huku ping inapita vizuri. Maabara za mitihani hazina mteja wa kulalamika, kazini yupo.

Sura za kusambaza njia kati ya itifaki, 16 na 17, zina thamani hiyohiyo. Njia iliyotoka OSPF ikaingia EIGRP kwenye ruta moja, kisha ikarudishwa OSPF kwenye ruta ya pili, ndiyo chanzo cha vitanzi vinavyokula siku nzima. Kitabu kinaonyesha kuziwekea lebo njia zinapotoka na kuzizuia kwa lebo hiyo zinapotaka kurudi. Kurasa hizi utazirudia ukiwa umesimama mbele ya rafu ya vifaa, na ndiyo sababu moja ya kushauri karatasi.

Kinapopungua ni MPLS, teknolojia ya kupitisha pakiti kwa lebo. VRF (majedwali ya njia yaliyotenganishwa ndani ya ruta moja), MPLS na VPN zake za tabaka la 3 zimo katika sura moja tu, ya 18. Mtihani unataka ueleze zaidi kuliko kusanidi, kwa hiyo kwa cheti inatosha. Kwa anayeunganisha matawi ya benki kila siku haitoshi hata kidogo.

Sybex, na vile vya siku za mwisho

Kitabu cha Ben Piper cha Sybex kina mwandishi mmoja, sauti moja, na ni chembamba zaidi. Kinasomeka vizuri kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Lakini ni cha 2020, na kwa silabasi iliyobadilika 2023 hakiwezi kuwa kitabu cha msingi. Kama tayari unacho, kitumie kupata maelezo ya pili pale kitabu rasmi kinapokuwa kizito. Usikinunue leo kwa bei kamili.

Kile cha siku 31 cha Patrick Gargano, nacho cha 2020, ni muhtasari wa mwezi wa mwisho. Ukiwa umeandika muhtasari wako mwenyewe hukihitaji.

Doyle

Juzuu ya I ya Routing TCP/IP, toleo la pili la 2005, iliandikwa na Jeff Doyle na Jennifer Carroll na inashughulikia itifaki za ndani: RIP, EIGRP, OSPF, IS-IS. Juzuu ya II, toleo la pili la 2016, uzito wake mkubwa uko kwenye BGP. Kuna mazoezi ya kusanidi na ya kutafuta hitilafu, pamoja na majibu yake. Usiogope miaka hiyo. OSPFv2 unayoiendesha leo ni ileile ya RFC 2328 ya 1998.

Nani atoe hela yake hapa? Anayefanya kazi kwa mtoa huduma za intaneti, bila kusita. ENCOR inakudai eBGP ya majirani wa moja kwa moja, na ENARSI inakupa hatua za kuchagua njia bora kuanzia weight na local preference hadi za mwisho. Lakini mtu ambaye mtandao wake unabadilishana njia pale TIX, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti Tanzania, na unatoka nje kwa nyaya za baharini, SEACOM iliyofika Dar 2009 na EASSy ya 2010, anahitaji kujua sera za BGP kwa undani mwingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kuhamisha njia siku kama hiyo bila kuvujisha njia za mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine ni ujuzi wa juzuu ya II.

Kwa mtu wa ofisi ya kawaida, yenye ruta mbili na ngome-moto (firewall) moja, Doyle ataishia kukaa kabatini. Bora hela hiyo iende kwenye RAM ya laptopu ya maabara.

Nakala yenyewe

Kwenye meza za vitabu vya mitumba maeneo ya Posta na Kariakoo utakutana na vya ROUTE 300-101, SWITCH 300-115 na TSHOOT 300-135. Mitihani hiyo ilifutwa Februari 2020. Cha ROUTE bado kinafundisha OSPF, EIGRP na BGP vizuri, na kwa bei ya mtumba kinaweza kumsaidia anayesubiri hela ya ENARSI. Cha TSHOOT pia kina mazoezi mazuri. Wala usidhani vitatu hivyo vikijumlishwa vinakuwa ENCOR: havina SD-Access, havina SD-WAN, havina otomatiki ya maana.

Ukinunua kitabu rasmi cha karatasi, angalia nyuma kama kadi yenye msimbo wa Pearson Test Prep ipo na haijafunguliwa. Msimbo unatumika mara moja. Mtumba wenye msimbo uliokwisha kutumika ni kitabu bila mitihani ya majaribio, na bei yake ishuke kulingana na hilo. Nakala ya kielektroniki iliyonunuliwa kihalali ina njia yake ya kuandikishwa na kupata majaribio hayo.

PDF inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, ikapigwa kopi steshenari na kubaindiwa, haina msimbo, na mara nyingi ni toleo la kwanza lililovishwa jalada la pili. Matokeo ya amri yaliyochapwa kwa herufi ndogo hufifia kwenye fotokopi hadi huwezi kutofautisha 10.1.1.1 na 10.1.1.7. Na ni wizi wa kazi ya watu.

Dampu za maswali, yaani maswali ya mtihani yaliyovujishwa, ni balaa zaidi. Cisco inaweza kukufutia matokeo na kukufungia usifanye mitihani yake tena. Hata asiyekamatwa hukwama kwenye maswali ya vitendo, ambako unapewa vifaa na kuambiwa usanidi, na huwezi kurudi kwenye swali ulilokwisha kuliacha.

Nakala ya kusoma mtandaoni kwa usajili wa mwezi ina vitabu vingi kwa pamoja, ila inakula bando na inakufa usajili ukiisha. Chagua ile unayoweza kupakua na kuisoma umeme ukikatika.

Maabara inayoendana na kitabu

Hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivi kinachotosha bila maabara. GNS3 na EVE-NG ya jamii, programu za kuigiza vifaa vya mtandao, ni za bure, lakini faili za IOS, mfumo endeshi wa vifaa vya Cisco, lazima uzipate kihalali. Cisco Modeling Labs inakuja nazo: ile ya bure inaruhusu vifaa 5, ile ya binafsi 20 kwa leseni ya mwaka. Vifaa 5 vinatosha kwa mazoezi mengi ya ENCOR, ikiwamo ile hitilafu ya MTU inayohitaji ruta mbili tu. Kwa DMVPN (VPN ya kuunganisha matawi mengi) na kusambaza njia za ENARSI utahitaji 6 hadi 10.

IOSv moja, ruta pepe ya Cisco, hula megabaiti 512 za RAM, kwa hiyo laptopu ya gigabaiti 16 inabeba kumi bila kulalamika. CSR1000v, ruta pepe nzito zaidi, huhitaji gigabaiti 3 hadi 4 kila moja, na hapo tatu tu zinaanza kuibana mashine. Vidhibiti vya SD-WAN usijaribu kuviwasha kwenye laptopu ya aina hiyo, tumia Sandbox.

Ukiagiza ENARSI ya karatasi kutoka nje, iagize wiki unayoanza ENCOR, ili ucheleweshaji wa mzigo usikukute umeshalipia tarehe ya mtihani. Nakala ya ENCOR ya kupakua utakuwa nayo siku hiyohiyo, na sura 1 hadi 5 zitakushughulisha hadi mzigo ufike.